Uzi wa Nne wa Gitaa la Harithi

Jumamosi, 5 Julai 2025

Ruangwa kwenda na kurudi. Vumbi mpaka kwenye meno. Lakini gitaa nimelipata! Au niseme nimekabidhiwa kwa masharti.

Lilikuwa kwa Bi Saada, mjane wa Harithi, yule mpiga gitaa wa bendi ya zamani ya hapa Nachingwea iliyovunjika kabla sijaolewa. Mzee alifariki mwaka jana. Gitaa lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kanga. Jekundu, rangi imechubuka pale mkono wake ulipokuwa unalala. Jina la kiwanda halisomeki tena. Shingo imepinda kidogo, tundu la jeki la kuchomekea waya wa spika linacheza, pikapu moja, kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi, imekufa. Lakini mbao ni mbao kweli, nzito! Nilitaka kulikumbatia, nikajizuia kwa sababu mwenyewe alikuwa ananitazama.

Mlangoni aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ndiye mimi, naitwa Beatrisi. Akacheka. Cheko la dharau nalijua, nimelizoea, lile lilikuwa jingine. Akanivutia kiti.

Sharti lake ni moja. Nilichukue, nilitengeneze, nilirudishe alisikie. Likisema kama lilivyokuwa likisema zamani, naondoka nalo. Lisiposema, linarudi juu ya kabati. Nikamuuliza anataka kulisikia kwa muda gani. Mara moja tu, akasema, basi.

Eliudi, mwalimu wa kwaya yetu, analitaka kwa tamasha la tarehe 20. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, wiki moja tu limekwisha. Mdomo wangu huu!

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Jonasi mume wangu haendi kufundisha leo, kwa hiyo kazi yake ni kunichokoza. Anasema mume mwenza wake amefika, na ni mwekundu.

Nimelifungua lote mezani. Vumbi, buibui, tiketi ya dansi iliyokunjwa mara nne. Pikapu haikuwa imekufa, waya wake tu ulikuwa umeachia. Tone moja la risasi, imefufuka. Tundu la jeki nimelibadilisha. Chuma cha ndani ya shingo nimekikaza robo mzunguko, nikasubiri, nikakaza tena kidogo. Shingo imenyooka. Hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu, pale kitu kinapokubali.

Kichekesho kilikuwa kwenye nyuzi. Uzi wa nne, ambao unatakiwa uwe mnene, ulikuwa kiuzi chembamba kilichochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli! Kina kutu. Nikasema maskini Harithi, shida za miaka ile, duka halina nyuzi mtu afanyeje. Nikautupa kwenye taka.

Nikafunga seti mpya ya Dar. Uzi mnene wa nne ukakataa kuingia kwenye kifupa, kile kipande cha kichwani ambacho nyuzi zinakalia. Mfereji wake ulikuwa mwembamba mno. Nikaupanua kwa tupa, taratibu, kwa ustadi wangu wote.

Nimelichomeka kwenye spika. Jamani! Linalia kama limetoka dukani. Jonasi alikuja na mwiko mkononi kusikiliza. Leo nimejipenda.

Jumatano, 9 Julai

Siyo hili.

Ndivyo alivyosema. Nilibeba gitaa na spika yangu ndogo mpaka Ruangwa, nikakaa barazani kwake, nikapiga. Alikuwa anamenya karanga. Nilipoanza, mikono ikasimama. Baada ya kama dakika moja ikaendelea kumenya. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Nikamuuliza kasoro iko wapi, nirekebishe. Akasema, "Mimi najua nini cha gitaa, mwanangu? Kamuulize Twaha, wao ndio walikuwa wanapiga." Na tena lile cheko.

Hakudai nilirudishe kabatini leo. Amenipa nafasi moja zaidi. Nimeondoka na gitaa na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa nailoni. Njiani nimezila zote kwa hasira.

Alhamisi, 10 Julai

Sina hamu. Nimetengeneza redio mbili na pasi.

Jonasi anasema pengine yule mama hatafuti sauti ya gitaa, anamtafuta mumewe, na hilo hakuna fundi wa kulitengeneza. Amesema vizuri, kama kawaida yake. Nimemwamini kwa muda wa saa moja hivi. Lakini mikono yake ilisimama, ikaendelea! Ile mikono ilikuwa inasikiliza kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Nandagala, kwa Mzee Twaha. Alikuwa rizimu kwenye bendi, sasa ni ufuta tu. Nimemkuta anapepeta na wanawe. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akanawa mikono kwanza ndipo akalishika. Vidole vimepasukapasuka. Akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi zote mara moja, akafika wa nne, akasimama.

"Hizi nyuzi kafunga nani?"

"Mimi, mzee."

"Basi umeliua, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe ule uzi wa breki haukuwa shida! Ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Wa nne unawekwa mwembamba makusudi, unavutwa mpaka utoe sauti yake ileile lakini ya juu, oktava nzima. Hapo gitaa linapata sauti inayokimbia katikati ya solo na rizimu. Bendi kubwa za zamani zilikuwa na mtu wa namna hiyo, anasema, lakini hapa Nachingwea alikuwa Harithi peke yake. Na siri hakuitoa. "Kila nikimuuliza alijifunzia wapi, anacheka tu."

Miaka kumi na mbili ya ufundi. Nimetengeneza magitaa ya kwaya mpaka Masasi, na nyuzi sita nazipanga kama kwenye kitabu. Nilipoona kitu hakifanani na kitabu, nikakisahihisha. Nimeona aibu kweli.

Nimemwomba aje apige yeye mbele ya Bi Saada, mimi nyimbo zao sizijui. Amekubali, Alhamisi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimechakura shimo la taka kwa fimbo, na gauni la kanisani! Jonasi alilichoma Jumanne. Nimepata chemchemi ya redio na kijiko chetu kilichopotea Pasaka. Uzi hakuna.

Hata ningeupata. Mfereji nimeshaupanua, uzi mwembamba unachezacheza mle na kulia zzz kama mbu. Sihitaji uzi tu. Nahitaji kifupa kipya.

Jumanne, 15 Julai

Mohamedi wa buchani amenipa mfupa wa paja bure, akidhani ni wa supu. Niliuchemsha jana mchana kutwa, nikaukausha, leo nikaukata kwa msumeno wa chuma. Unga wake unanuka kama nywele zilizoungua. Kifupa cha kwanza kimepasuka kwenye mfereji wa tano. Nikanywa chai. Cha pili nimekwenda nacho polepole, msasa, tupa, pumzi, msasa. Mfereji wa nne nimeukata kwa wembe.

Kwa fundi baiskeli nimenunua waya mzima wa breki, nikaufumua, nikachagua chembamba kimoja kilichonyooka. Nikakifunga. Nikakivuta juu, juu zaidi, macho nimefumba nikiogopa kisije kikanikatikia usoni.

Halafu nikapiga.

Sijui niandikeje. Kila kitu kilikuwepo tangu Saba Saba, ila sasa kuna mtu wa ziada ndani, anachekacheka. Nimepiga mpaka majirani wakatoka. Nimefurahi, nimefurahi, nimefurahi!

Eliudi naye akaja, akasikia, akataka kuondoka nalo palepale kwa mazoezi. Nikamwambia bado si langu. Amenuna. Anasema tamasha ni Jumapili na mimi nambembeleza mjane asikie nyimbo za dansi. Nikamjibu ndiyo, ndivyo hasa ninavyofanya.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika hapahapa barazani kwa Bi Saada, sitaki kusahau hata neno.

Mzee Twaha alikuja na bodaboda, shati limepigwa pasi, kofia mpya. Nikachomeka spika. Bi Saada na ungo wake wa karanga. Vidole vya mzee vilikuwa vizito, akakosea, akakosea tena. Mara ya tatu wimbo ukatoka. Mikono ya Bi Saada ikasimama. Nikahesabu moyoni. Haikuendelea.

Wimbo ulipokwisha akasema, "Ndilo."

Nilikaribia kulia. Nikafikiri basi, yamekwisha, nilifunge niondoke. Lakini alikuwa bado anautazama ule uzi.

"Ila umeuvuta mno. Lete."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akalipakata gitaa kama mtu anayeujua uzito wake. Akaulegeza wa nne kidogo kabisa, sikio ameliinamisha. Mimi na vifaa vyangu vyote sikuwa nimelisikia hilo. Akapiga. Wimbo uleule, ila mwepesi, vidole vinatembea tu!

Mzee Twaha mdomo wazi. "Saada! Kumbe alikufundisha?"

Akasema yeye ndiye aliyemfundisha mumewe. Harithi alikuwa anaisikia sauti ile redioni, anarudi nyumbani anahangaika, haipati. Siku moja mumewe yuko shamba, Bi Saada akachomoa uzi kwenye breki ya baiskeli yake mwenyewe akajaribu. Mwaka mzima alishuka kilima cha Chinongwe kwa miguu, baiskeli anaikokota, kwa kuwa haina breki.

"Mbona hamkusema?" Mzee Twaha karibu analalamika. "Tumeuliza miaka yote ile!"

"Mlikuwa mnamuuliza Harithi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anapiga. Lakini mimi limenichoma, mimi ninayeulizwa kila siku fundi yuko wapi! Nilikaa kwenye kiti hikihiki wiki iliyopita, nikaambiwa kamuulize Twaha, nikainuka nikaenda kumuuliza Twaha.

Saa kumi kasoro. Gari la Nachingwea limesimama pale barabarani, konda anapiga kelele za mwisho. Simu ya Eliudi imeita mara tatu, nimeilaza kifudifudi juu ya ungo. Kanga iliyokuwa inalifunika gitaa iko hapa mapajani mwangu, nimeikunja vizuri, sijui nimwachie au niondoke nayo. Mzee Twaha anagonga rizimu kwenye ubao wa kiti.

Mara moja tu, alisema Bi Saada. Wimbo huu anaouanza sasa ni wa tano.