Kumi na Wawili Ubaoni

Jumatatu, 3 Juni. Masasi
Goti linauma tena. Chai, dawa, filimbi, uwanjani. Klabu ya Dar imetuma fomu ya Hamisi, kiungo wangu, yule wa Chilangala. Mbio zake wameshazipima, miguu wameiona kwenye video. Sasa wanataka kujua kichwa na tabia. Wameniuliza mimi kwa kuwa nilimfundisha tangu shule ya msingi. Nafasi moja, vijana wawili. Sitampendelea mtu. Nimestaafu ualimu, sijastaafu haki.

Jumatano, 5 Juni
Nimempima Hamisi. Nilichora timu yetu ubaoni, nikaweka wachezaji kumi na wawili kwa makusudi. Mtego wa kitoto kabisa. Wenzake wote wamekaa wanatazama. Nikamuuliza, iko sawa? Akatazama kitambo, midomo ikachezacheza. Akainamisha macho.

"Iko sawa, Mwalimu."

Nusura nimzabe kibao. Uwanjani anaiona pasi kabla wenzake hawajageuka, ubaoni haoni mtu wa ziada! Kila swali, ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu. Ameniudhi.

Alhamisi, 6 Juni
Fomu imekwenda. Akili: hawezi kufikiri mwenyewe. Tabia: mtiifu mno, hafai kuongoza. Nimeandika nilichokiona. Mbona roho haitulii?

Jumanne, 11 Juni
Wamemchukua yule mwingine, wa Chiungutwa. Hamisi alikunja jezi, akaiweka kwenye benchi, akapanda kwao Chilangala, Newala, kupulizia mikorosho salfa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekutana na Mama Hamisi hapa hospitali ya Mkomaindo, amekuja kumwona mgonjwa. Nilijiandaa kulaumiwa. Wapi! Akanipa shikamoo, akaniuliza macho yangu yanaendeleaje. Macho? Ndipo akaeleza. Mwanawe alimwambia Mwalimu kazeeka, maskini, kachora watu kumi na wawili. Angesema, wenzake wangenicheka. Akaona heri aseme iko sawa.

Alinionea huruma. Mimi!

Nimekumbuka darasa la tano. Alinyoosha kidole akasema hesabu yangu ubaoni imekosewa. Ilikuwa imekosewa kweli. Nikampigisha magoti juani mpaka kengele ya kutoka. Nikamwambia, na darasa zima likasikia, mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Akashika somo. Nami nimemfelisha kwa kulishika. Mjinga ni mimi.

Jumatatu, 17 Juni
Nimepiga simu klabuni mara tatu. Ya tatu wamepokea. Majina yamefungwa. Mwakani je? Atakuwa amevuka umri wa kikosi cha vijana. Wamenishukuru kwa ushirikiano. Nimelia, mzee mzima.

Jumatano, 19 Juni. Chilangala
Upepo wa baridi. Nimemkuta shambani, mashine mgongoni, uso wa manjano kwa salfa. Akaizima ili anisalimie. Nikamwambia yote: mtego, fomu, maneno niliyoandika. Nikamwomba radhi. Nikamwambia najua uliwahesabu wale kumi na wawili.

Akainamisha macho.

"Sikuwahesabu, Mwalimu."

Akaniuliza kama nimekula. Kisha akaitua mashine, akanibebea mkoba mpaka kwenye bodaboda.