Pikapu Inayokataa Mvua

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Dawa za moyo, uji, kitanda. Mwanangu Mutwiri alifika saa nane kutoka Embu, akatazama saa kabla ya kuketi. Saa tisa akataka kuondoka. Pikapu yake ikakataa kuwaka. Starta inazunguka, injini haishiki. Akalala hapa Nkubu. Tulikula pamoja. Nilifurahi, na furaha hiyo inanuka.

Jumapili, 9 Novemba
Jua. Pikapu ikawaka mara moja. Akaenda.
Ugonjwa wa pikapu hiyo naujua. Niliiendesha miaka mingi kabla ya kumpa, na nilifundisha fizikia. Waya za plagi zimepasuka. Zikiloa, umeme unatorokea kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Zikikauka, huoni kasoro. Sijamwambia. Mvua ndiyo inayonipa mwana.

Jumamosi, 15 Novemba
Fundi wa Makutano amembadilishia pampu ya mafuta. Kazi bure. Jioni mvua ikanyesha, pikapu ikakataa tena. Yeye alikuwa kwenye usukani. Mimi kando ya boneti, nikaziona cheche za samawati zikikimbia juu ya waya. Nikaifunga boneti. Mkewe akapiga simu: "Kwani hiyo gari imeoa huko Nkubu?" Mutwiri alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 19 Novemba
Daktari anasema moyo umechoka, nijiandae. Nikamwarifu Mutwiri. "Pole Baba. Nitapitia Jumamosi." Kupitia. Kama duka.

Jumapili, 23 Novemba
Jana alikuja na Kinya, mjukuu wangu. Waliondoka kukiwa kukavu. Mvua ikawakuta kwenye mteremko wa Nithi. Injini ikazimika, na breki, zisizosaidiwa tena na injini, zikawa ngumu kama jiwe. Akaigongesha kwenye ukingo wa udongo ili isimame. Lori la nyuma liliwakosa kidogo. Kinya ameshonwa kidevu.
Ningemuua mtoto ili nipate mtu wa kula naye. Padri atalisikia hili, nikimwahi.

Jumamosi, 29 Novemba
Nilimwambia Mutwiri yote.
"Toka lini umejua?"
"Tangu masika."
"Si ungesema tu nilale, Baba?"
"Ningesema, ungelala?"
Akatazama funguo za gari mkononi mwake. Hasira ilinishika kwa kuwa hakudanganya.

Jumamosi, 6 Desemba
Ameweka waya mpya. Mvua kubwa leo. Alikaa hadi chai ikaisha, akanirekebishia blanketi, akatoka. Injini ilishika papo hapo. Niliisikiliza ikipanda hadi kwenye lami. Haikukata hata mara moja. Kazi safi.