Peterson Musyimi, Mwenye Sanduku la Sauti

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale, Peterson, tangu homa ile ilipokuchukua mikononi mwetu hapa Garissa. Nyumba yako ya serikali amepewa mwingine. Susu yako Kasyoka, nyanya aliyekulea, sasa anakaa chumba cha nyuma ya kanisa. Gitaa lako linafutwa kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Tumeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Tunashukuru kwa maisha yako. Ulikuwa mtu wa mashine za kuvuta maji ya Tana, na mji mzima ulikunywa kazi ya mikono yako. Ulikuwa unanawa mafuta ya mashine mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya chakula, na mara ya pili, kwa sabuni nyingi zaidi, kwa ajili ya gitaa. Mshahara wako wa kwanza ulimnunulia susu yako blanketi. Gitaa lilikuja baadaye, na yeye huwaambia watu hivyo hivyo: blanketi kwanza.

Lilifika na lori kutoka Nairobi, jekundu, limelala katikati ya magunia ya vitunguu. Susu yako aligeuza mbele, akageuza nyuma.

"Peterson, wamekuibia. Hili halina tundu. Sauti itatokea wapi?"

"Linaimba kwa umeme, Susu. Ngoja tu."

Akangoja. Kungoja anajua. Ulitafuta redio kuukuu, ukatoa matumbo yake, ukayafunga pamoja na spika ndani ya sanduku la majani ya chai, ukaunganisha na betri ya lori. Siku lilipolia mara ya kwanza, kuku walikimbia mpaka kwa jirani, na mmoja hajarudi hata leo. Ukapiga magoti chini ukicheka, na susu yako akacheka ingawa kuku alikuwa wake.

Kupenda gitaa kulikupa ndugu. Mwalimu Muriuki alikuwa na lake la bluu, akilisifu kama mtu anayesifu fahali. Diriye, muuza ngozi na chai, alikuwa hana. Yeye alizoea kaban, kinanda cha kwao Wasomali ambacho shingo yake ni laini tupu, haina vile vyuma vya kugawa sauti. Ukamchongea gitaa la mti wa mukau, ukalitia sumaku ya simu iliyokufa, na nyuzi ukazitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Hukumwambia ni zawadi. Ulimwambia, "Nishikie hili kidogo."

Kila Jumapili baada ya kanisa mlikutana uani kwa Diriye. Magitaa matatu, sanduku moja, waya mmoja. Ndipo ikazaliwa ile desturi yenu: mwenye waya ndiye anayesikika, wengine wanapiga makavu, na hakuna kunyang'anyana. Waya unatolewa kwa mkono, unapokewa kwa mkono, na anayepokea anasema, "Nimeshika."

Diriye akishika, tulijua yatakayofuata. Mahali pale pale kwenye ule wimbo mmoja mliopenda kuliko zote, kidole chake cha pete kiliteleza kama bado kiko kwenye kaban, na sauti ikatoka imepinda. Nawe ulipiga kelele, "Kidole cha pete, Diriye!" Naye akajibu, "Nyamaza, sikio yako ndiyo mbofu!" Mkewe Maka, akimimina chai, alikuwa anasema, "Mbuzi wangu wameshajua hapo mahali. Mume wangu tu hajui."

Lakini vita vya shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeshaingia. Barabara zilikuwa za kwenda kwa msafara na askari, jua likizama kila mtu kwake. Watu wa bara wakaanza kuwapita Wasomali bila salamu, na Wasomali wakaanza kuinamisha macho. Nyinyi watatu mkawa hamwoni hayo. Mlichokuwa mnaona ni kwamba redio haishiki vizuri stesheni za Kongo, na huko ndiko nyimbo za gitaa zilikotoka. Basi ukapanda juu ya duka la Diriye ukanyoosha waya wa shaba toka pembe hadi pembe.

"Waya juu ya paa la Msomali, wakati kama huu?" susu yako aliuliza.

"Ni wa muziki tu, Susu."

Ni wapenda gitaa peke yao wangeweza kukosea namna hiyo. Polisi walikuja alasiri moja wakaona waya juu, sanduku lenye taa za redio na nyaya chini, na Msomali katikati. Wakasema huo ni mtambo wa kuzungumza na shifta. Wakabeba sanduku, wakambeba na Diriye. Kesho yake lori lingempeleka kizuizini, na waliokwisha kupelekwa, wake zao walikuwa bado wanaulizia.

Maka alikuja akaketi mlangoni kwetu. Hakulia. Alimwambia tu susu yako, kwa neno la kwao la kumwita nyanya, "Ayeeyo, ulisikia mume wangu akibiga. Mtu wa shifta anabiga fibaya hivyo?"

Muriuki naye alikuja, uso umempauka. "Peterson, wewe ni mtu wa serikali. Ukisema waya ni wako, lori lina nafasi yako pia. Tulia kwanza." Hatumlaumu. Aliogopa kwa ajili yako, na tangu siku ile amekuwa mwana kwetu.

Chakula hukukigusa. Asubuhi ulitoa gitaa ukutani ukasimama nalo.

"Susu, nikifukuzwa kazi tutarudi Mwingi tukalime."

Susu yako akafunga leso. "Mwingi kuna mbaazi. Twende."

Kituoni mlimkuta Diriye ameketi chini, viatu mkononi. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya inspekta, betri pembeni.

"Huu mtambo ni wa nani?" inspekta akauliza.

"Wangu, afande. Na waya wa paa ni wangu. Nilipanda mwenyewe."

"Na ulikuwa unatafuta nini kwa huyu?"

"Nafasi, afande. Na chai. Kwetu sukari huisha upesi."

Askari mmoja akakohoa kuficha kicheko. Ukaunganisha betri, ukachomeka gitaa, ukapiga. Ulipiga vizuri, mpaka wafungwa wakasogea kwenye nondo. Inspekta akasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Wewe ni mpiga gitaa, nimeona. Sikukukamata wewe. Nimemkamata huyu. Mtambo ulikuwa kwake. Apige yeye."

Susu yako anasema hapo moyo wake ulishuka mpaka kwenye viatu, maana alimjua Diriye. Wewe ulichomoa waya, ukampa gitaa, kisha ukamnyooshea waya kwa mkono, kama Jumapili yoyote.

"Nimeshika," akasema.

Akaanza. Mwanzo ulikwenda. Katikati ulikwenda. Halafu pakafika pale mahali, na sauti ikatoka imepinda kuliko siku zote. Nawe, mbele ya inspekta, mbele ya bunduki, na lori likinguruma nje, ukapaza sauti, "Kidole cha pete, Diriye! Nimekwambia mara ngapi?"

Diriye akageuka, macho yamewaka. "Nyamaza, Beterson! Mimi nafungwa, wewe unasema kidole?"

"Hata ukifungwa, bonyeza nyuma ya chuma!"

"Chuma! Kaban iko na chuma wabi?"

"Hii si kaban!"

Mligombana hivyo mpaka mkasahau mko wapi. Mlipokumbuka, inspekta alikuwa ameshika paji la uso, mabega yanacheza. Alikuwa anacheka. Akapangusa macho akasema, "Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Hakuna mtu anayeweza kuutunga kwa asubuhi moja. Msomali, vaa viatu. Nenda nyumbani."

Lori liliondoka bila Diriye. Kwa hilo peke yake, Peterson, tungekushukuru maisha yetu yote.

Waya wa paa uliteremshwa kwa amri, na susu yako anaanikia nguo juu yake mpaka leo. Sanduku lilibaki kituoni, lakini inspekta alitoa ruhusa: "Jumapili chukueni. Jua halijazama, lirudi hapa." Hapo ndipo mji ulipoona jambo. Kila Jumapili wewe na Diriye mlipita sokoni mmebeba sanduku moja, Mkamba upande huu, Msomali upande ule, mkibishana juu ya kidole. Watu walioacha kusalimiana walisimama kuwatazama. Mzee mmoja muuza ngozi alimwambia susu yako, "Hawa wawili wanabeba kitu kizito." Akamjibu, "Ni chepesi. Wako wawili."

Homa ilipokulaza, Maka alileta maziwa ya ngamia kila alfajiri, na Diriye alikaa chini ya dirisha la hospitali mpaka saa ya kafyu. Uliposhindwa kusema, ulikuwa ukitingisha vidole juu ya shuka, na yeye alijua ni wimbo gani. Hukuondoka peke yako. Tunawashukuru madaktari, manesi, Padri na wote waliotuchangia kuni na maji.

Jumapili iliyopita tulikusanyika uani kwa Diriye kwa ajili ya mwaka wako. Muriuki na Diriye walikwenda kulichukua sanduku kituoni. Susu yako alileta gitaa lako jekundu, akaushika waya, akautoa kwa mkono.

"Nimeshika," Diriye akasema.

Alipiga ule wimbo. Alipofika pale mahali, kidole kikateleza, sauti ikapinda. Akaacha kupiga. Akatazama kwenye kile kigoda chako, akangoja. Maka aliweka birika chini.

Ndipo susu yako, ambaye hajawahi kushika gitaa ila kulifuta vumbi, akasema kwa sauti yake yote, "Kidole cha pete, Diriye!"

Diriye akafuta machozi kwa kiganja. "Nyamaza, Ayeeyo," akasema taratibu, "sikio yako ndiyo mbofu." Akarudi mwanzo, akaupiga wote, na mahali pale pale akakosea tena.

Unakumbukwa na susu yako Kasyoka, dada yako Mueni na mumewe, wajomba na shangazi wa Mwingi, mwalimu Muriuki, Diriye na Maka na watoto wao, na wenzako wa mashine za maji.

Pumzika, Peterson. Mungu aliyekupa ndiye aliyekuchukua, nasi tunamshukuru kwa ulivyokuwa wetu. Kukusahau hatujui, na Jumapili zikija, waya wako utakuwa na wa kuushika.