Picha Ambayo Doortje Haigusi

Assen, Jumatatu, 14 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. Natumaini mkono wa kushoto umeanza kukutii na kwamba chakula cha hapo Sneek hakijakufanya uwagombeze wauguzi. Mama, atakayekuletea barua hii, anasema uache kuficha vidonge shavuni, si mtoto wewe. Mimi ni mzima, ila silali vizuri, na sababu ni Doortje wako.

Mwezi wa tisa walikuja mafundi wa kompyuta wakafunga skrini ya kugusa kwenye ukuta wa banda la orangutani hapa bustani ya wanyama, ili sokwe hao wasichoshwe na siku zinazofanana. Picha inatokea, mnyama anaigusa, picha inatoweka, zabibu inadondoka. Moos aliupenda mchezo siku ileile. Doortje, mama yake, naye alicheza vizuri mpaka tarehe 3 Novemba, kama nilivyoandika kwenye shajara yangu, siku walipoongeza picha za watunzaji. Yako ilikuwamo, ile ya kofia ya sufu, unacheka.

Aliigusa. Ukatoweka. Zabibu hakuiokota, alipapasa skrini, akachungulia ndani ya bomba la zabibu. Ulipotokea tena hakugusa. Akajifunika gunia, akakaa mbele yako, na Moos aliponyoosha kidole alikula kofi. Sybren, mkuu wa mafundi, akasema bibi kizee amegoma, labda anadai mshahara. Nikamwambia aache upuuzi, hagomi huyo, analinda. Akaniuliza kiorangutani nimejifunzia shule gani.

Tangu hapo hali chakula. Saa nne tunapokunywa kahawa karibu na kioo chake, haji hata kwa ile chai ya vuguvugu uliyomzoesha. Ngozi ya shingo imelegea. Jumamosi tuliiondoa picha. Akaipiga skrini mpaka viganja vikachubuka, tukairudisha. Daktari anasema asipokula hadi Ijumaa itabidi alazwe usingizi kwa dawa na alishwe kwa mpira, na kwa umri wake huenda asiamke.

Sybren si mtu mbaya. Jana alinifuata, bila mzaha safari hii, akasema skrini ile inaweza kupokea simu ya video. Nilikataa papo hapo. Najua hutaki mtu wa kazini auone mdomo wako tangu kiharusi kiupinde. Nikaenda kufagia banda nililokwisha kulifagia, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikakubali kwa niaba yako, bila kukuuliza. Alhamisi saa nne muuguzi atakuletea simu. Huna haja ya kusema neno. Kunywa chai tu, akuone.

Kuna jingine, Baba. Mama peke yake unamruhusu aje. Mimi umenizuia tangu Julai. Kazi yangu pale ni kubonyeza kitufe cha kupisha picha inapokwama. Jana wenzangu walipokwenda kula, nilikaa upande wangu wa kioo, Doortje upande wake, sote tukikutazama. Sikubonyeza.

Wenzangu wote wanakusalimu, hata Sybren usiyemjua. Alhamisi nitakuwa nimesimama hapohapo karibu na Doortje. Nakuomba usigeuze uso.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Jeltje