Ukuta wa Kusini

Varenolles, 12 Januari 1975

Kaka Régis mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na baridi ya Beauvais haijakugandisha vidole. Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo. Baba ni mzima, na bado hataki jina lako litajwe mezani. Anasema ulimwachia mwiko wa uashi na ndoo katikati ya kazi, ukaenda kutembea mji hadi mji na hao wachonga mawe wako.

Nina jambo. Meya wetu, Bwana Chaussard, anataka kanisani pawe na muziki wakati wa kiangazi, wageni waje. Anasema ukumbi wa waumini una giza kama stoo ya mvinyo. Kwa hiyo ukuta wa kusini utabomolewa mahali pawili, yawekwe madirisha mapana ya mita nne nne. Kazi amepewa Baba, na ataanza baada ya Pasaka.

Nilimwambia Baba dari litashuka. Akacheka. "Altareni kuna madirisha makubwa kuliko hayo, na dari lipo miaka mia saba. Kama watawa walioijenga waliweza kule, mimi nishindwe nini huku? Wewe umeshika mwiko lini, Odile?"

Nikakimbilia jikoni. Unanijua: nikisalimiwa na muuza mikate nasahau nimetumwa mkate gani. Lakini Padri aliniazima vitabu viwili na nimevisoma mpaka mwisho. Altare yetu ni ya mtindo wa Kigothi, ukumbi ni wa mtindo wa Kiromaneski, wa zamani zaidi. Ni majengo mawili yaliyoshonwa pamoja, na Baba anayaona kama moja. Niambie kama nimekosea.

Mdogo wako,
Odile

*

Beauvais, 20 Januari 1975

Mdogo wangu Odile,

Barua yako nimeipata, ahsante. Mimi mzima, vidole vyote kumi vipo. Hapa hakuna anayeniita Régis. Desturi ya nyumba hii ya wachonga mawe ni kumwita mtu kwa jina la mkoa alikotoka, basi asubuhi nasikia tu, "Burgundi, shuka, supu inapoa!" Mama wa nyumba, ndivyo tunavyomwita anayetulisha, anakusalimu.

Sasa wewe na pango lako! Kuta nene kama za gereza, vidirisha vya kupitishia panya. Ningekuwa na uwezo ningekuleta hapa usimame chini ya dari la kanisa kuu la hapa, mita arobaini na nane kwenda juu, mwanga unamwagika mpaka unaona aibu kuwa mfupi. Hiyo ndiyo kazi ya watu walioacha kuogopa. Hao wa kwetu waliogopa kila kitu, wakarundika mawe.

Na Baba ni fundi mzoefu. Aliniambia mara ngapi kwamba hahitaji kufundishwa? Basi asifundishwe. Kazana na masomo.

Kaka yako,
Régis

*

Varenolles, 24 Januari 1975

Kaka Régis,

Salamu. Nafurahi kwamba u mzima. Mimi si mzima, nina hasira.

Umesema waliacha kuogopa. Dari la hapo kwenu lilianguka mwaka 1284, miaka kumi na miwili tu baada ya kumalizika, wakalazimika kuongeza nguzo katikati ya nguzo. La kwetu ni la kabla ya hilo kwa miaka mia moja na hamsini, na halijaangusha hata kokoto kwenye kichwa cha bibi anayesali. Nani aliyejua kazi?

Wala sisemi Kigothi ni kibaya. Nasema ni akili nyingine. Kwenu mbavu za dari hukusanya uzito na kuuteremsha kwenye nguzo, na nje kuna mikono ya mawe inayozishikilia. Ukuta wa katikati haubebi kitu, unaweza kuujaza vioo. Kwetu dari ni kama pipa lililopasuliwa na kufunikwa juu yetu. Linasukuma nje kila mahali, mchana kutwa, na ukuta wote unalisukuma ndani. Unene si woga. Unene ndio kazi yenyewe. Ukiukata mita nne, ni nani atakayesukuma pale?

Nitakuambia nani atakuwa chini yake: Baba, na nyundo yake. Wewe kasirika naye upendavyo, lakini usinijibu kwa mzaha tena. Nichongee mfano wa mawe madogo wa kila mtindo, niupeleke kwenye kikao cha halmashauri tarehe 14 Machi. Mimi kusema siwezi. Kuonyesha nitaweza.

Mdogo wako,
Odile

*

Varenolles, 16 Februari 1975

Kaka,

Hujambo? Wiki tatu kimya. Baba ameshanunua mbao za jukwaa la ujenzi. Usiponijibu nitakwenda na vipande vya sabuni, wanicheke, lakini nitakwenda.

Odile

*

Beauvais, 5 Machi 1975

Mdogo wangu,

Pole kwa kukungojesha. Mimi sijambo, ila macho yanauma kwa vumbi la plasta. Nilipoisoma barua yako mezani, mzee wetu mmoja aliinyakua akaisoma kwa sauti, wote wakacheka mpaka kwenye lile swali la nani atakayesukuma. Hapo wakaacha kucheka. Mzee akanigeukia: "Burgundi, huyu dada yako anajua dari kuliko wewe. Mkatie mawe yake."

Desturi yetu ni kwamba kazi ya kijana hukatwa na yeye peke yake, na kiungo kibovu huvunjwa mbele ya wenzake. Walinivunjia mara mbili. Ndiyo sababu ya kimya.

Katika sanduku linalokuja na barua hii kuna mifano miwili ya plasta. Mawe yana namba. Yapange juu ya kalibu ya mbao, umbo la kuyashikilia kwanza, bila gundi, kisha uiteremshe kalibu polepole. Fanya mazoezi chumbani. Usiseme ni nani aliyekata.

Kaka yako,
Régis

*

Varenolles, 16 Machi 1975

Kaka Régis mpendwa,

Salamu na shukrani. Mama kikohozi kimekwisha. Kikao nacho kimekwisha.

Nilipoingia, Bwana Chaussard alisema, "Haya, mtoto wa fundi Gustave ametuletea vitu vya kuchezea!" Wakacheka. Jiwe la kumi na nne likaniponyoka. Nikaliokota. Mifano yote ikasimama.

Nilianza na wa Kigothi. Ukuta wake nilikuwa nimeuweka wa karatasi. Nikaichana yote, mbavu zikabaki zimesimama. Kisha nikachomoa mawe mawili tu kwenye ukuta wa ule wa Kiromaneski. Dari lote likashuka mezani, jiwe moja likaingia kwenye glasi ya meya.

Hakuna aliyecheka. Lakini meya alipangusa mvinyo kwenye shati akasema kijiji hakiongozwi kwa plasta. Wakapiga kura: sita kwa watano, kazi iendelee.

Baba alibaki nyuma akiokota mawe, akageuza kila moja kwenye taa, akipitisha kidole gumba kwenye kiungo. Njiani akaniuliza, "Ni yeye?" Uliniambia nisiseme. Nikasema ndiyo. Nisamehe, au usinisamehe.

Mdogo wako,
Odile

*

Varenolles, 4 Aprili 1975

Kaka Régis mpendwa,

Natumaini u mzima. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni kanisani, mgongo kwenye ukuta wa kusini, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Jumanne Baba alimrudishia meya mkataba. Meya akamwambia kuna mafundi wengine mjini. Leo asubuhi wamekuja, wanne, na lori. Nilikuwa nimewatangulia. Mkubwa wao akasema, "Binti, ondoka hapo, utaumia." Nikamwambia, "Hapa siumii. Nyie ndio mtakaoumia." Sauti ilitoka, Kaka, yote, hata nilishtuka.

Mara nikasikia kiti kinaburutwa. Ni Baba, na kofia yake ya kazi. Akakaa karibu yangu, akamwambia yule mkubwa, "Mimi ni mwashi miaka thelathini. Wiki tatu zilizopita ningeuvunja ukuta huu kabla ya chakula cha mchana, na saa hii mngekuwa mnanichimbua. Ukiwa na haraka ya kufa, chukua nyundo. Sisi tutakuwa hapa hapa."

Jamaa aliangalia dari. Aliliangalia muda mrefu. Akasema haguzi kitu mpaka mhandisi wa serikali aje aandike kwa mkono wake. Meya anapiga kelele nje, anasema mhandisi atakuja Alhamisi na atatuaibisha. Labda. Mama ametuletea supu na jibini, na Padri ametuachia ufunguo.

Baba anasoma barua hii juu ya bega langu. Anasema mawe yako ya taji la tao, yale ya juu kabisa, umeyakata vizuri, ila la kumi na nne lina upande mnene kidogo, na kama unabisha uje umwonyeshe mwenyewe kabla ya Alhamisi.

Tuko hapa.

Mdogo wako,
Odile