Stoo ya Majembe Mawili

Tarehe 4 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, ila goti la kulia limegoma kama kawaida yake. Wewe je, hicho kiwanda cha mashati bado kinakukondesha?

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, baba yako mdogo akaipeleka kwa fundi. Naye ana jambo jipya: anajenga stoo ya vifaa nyuma ya zizi. Tangu marehemu baba yako atuache, majembe yanalala jikoni kwangu, nayaruka kama mbuzi. Nimefurahi, sikufichi. Kuta zimeshasimama. Nimepima kwa mpini wa jembe, si unanijua: urefu mipini mitatu, upana miwili. Nikamwambia, shemeji, majembe mawili, panga moja na bomba la dawa, hii si stoo, huu ni ukumbi! Akacheka tu.

Posta anakwenda yeye, miguu yangu haifiki.

Mama yako

Tarehe 19 Machi

Mama, shikamoo.

Sijambo, ni vidole tu vimechoka kuchomwa sindano. Goti lako nalipa pole, liambie liache ukaidi.

Mpe baba mdogo hongera, nilidhani hajui hata kushika mwiko. Lakini mipini mitatu? Labda ananunua trekta kimyakimya! Na huyo fundi simu ni wa aina gani? Nina hamu na sauti yako jamani.

Kitinda mimba wako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na goti limesikia. Afya siyo mbaya.

Bati limepandishwa. Kuna kidirisha juu kabisa, kina nondo, eti kwa ajili ya vibaka. Ndani, pembeni, amejenga kibaraza cha tofali cha kuwekea magunia. Akaniambia, "Shemeji, hebu jilaze tuone kama kinatosha." Nikajilaza, mimi na ujinga wangu, tukacheka. Kimenitosha kichwa hadi miguu. Chini ya mlango ametoboa tundu, anasema la paka, aingie akamate panya. Nilikuwa naosha vyombo, nikalipima kwa sahani yangu ya bati. Imepita bila kugusa. Paka gani huyo mnene hivyo? Komeo liko nje, kubwa la kufungia zizi.

Kuna jambo linaniudhi. Jirani siku hizi ananisemesha polepole, kwa sauti, kana kwamba nimerudi utotoni. Juzi tena kaja mtu wa vipimo, kapima shamba hadi kizingitini kwangu. Nilipouliza, baba yako mdogo akasema, "Shemeji unasahau, tulishakubaliana." Sikukubaliana na mtu! Shamba aliniachia baba yako, na akili zangu ni timamu.

Majembe bado yako jikoni. Hajagusa hata moja.

Mama yako

Tarehe 15 Aprili

Mama, shikamoo.

Salamu nyingine nitazileta mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na leo kazini nimeharibu kola mbili.

Usiingie kwenye ile stoo. Hata akikuita uone kitu, usiingie. Hiyo haikujengewa majembe, mama. Chukua hati ya shamba, ile unayoweka ndani ya godoro, uende kwa mama mkubwa leo hii, na baba mdogo asijue. Nimeomba ruhusa kazini, mwisho wa mwezi niko njiani.

Najua posta anakwenda yeye, lakini sina njia nyingine ya kukupata. Bahasha nimeishona kwa uzi wa mashati, mishono saba midogo. Ukikuta umekatwa, kimbia hivyohivyo, hata bila hati. Naogopa, mama.

Kitinda mimba wako

Tarehe 26 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi huku ni salama.

Kwanza hongera kwa ushonaji, mishono yako ni imara, ilibidi nitumie wembe. Mama yako hataweza kujibu. Kichwa kimemchoka, majirani wote wanajua, hata wewe mwenyewe alikuwa ameanza kukusahau. Barua nilimsomea zile sehemu zisizomtia wasiwasi. Asante pia kwa kunikumbusha habari ya godoro, nilikuwa nimetafuta kila mahali.

Usijisumbue kuja. Yule wa vipimo amemaliza kazi yake, na mwisho wa mwezi kutakuwa na wageni wengi shambani, huenda usipate pa kulala. Mama yako nimemweka mahali penye utulivu, hapavuji. Majembe nimeona yabaki tu jikoni.

Siku za kwanza alikuwa anakula vizuri, sahani inarudi tupu. Tangu juzi hairudi, na nikimwita anajifanya hasikii.

Baba yako mdogo