Ile Z ya Mama Yako

Yusufu ndugu yangu,

Kufa kufaana, wanasema, lakini sikujua watu huwahi hivi. Arobaini yako hatujasoma, Profesa wetu ameshasimama mbele ya wageni chuoni na hesabu yako ya joto, jina lake juu. Jina lako? Hakuna, hata kwenye shukrani. Na huyu ndiye aliyekula pilau ya matanga kwenu Gikondo, akajifuta machozi kwa leso ya mama yako! Hana haya.

Nimekasirika. Hata wewe nakukasirikia. Nilikwambia usipande pikipiki na mvua ile ya Gatsata, ukanicheka: "Mrundi, unaogopa maji kama paka." Haya, sasa nacheka na nani?

Unakumbuka karakana ya baba yako? Chuma motoni upande mmoja, sisi na chai yetu tunatafuta joto linavyotembea ndani yake. Mimi nilitaka kulivamia lote kwa mpigo. Wewe ukasema: "Tulia, dada. Tenganisha. Muda weka huku, mahali weka kule. Pande zikilingana siku zote, basi zote ziko sawa na namba moja isiyobadilika." Vitabuni namba hiyo hupewa herufi ya Kigiriki. Wewe uliiita z, ya Zaituni, mama yako. "Nyumbani kila kitu kinabadilika, yeye habadiliki."

Basi mwizi wako alinakili yote, hata z. Mgeni mmoja akamuuliza, kwa nini z? Mungu wangu, ungemwona! Akakohoa, akanywa maji, akasema ni mazoea tu. Nikasimama, nikasema: "Ni Zaituni, mama wa Yusufu. Kazi hii ni ya Yusufu." Wageni wakageuka kunitazama. Kisha wakampigia yeye makofi, wakaenda kula. Mimi nimeambiwa nitafute msimamizi mwingine wa masomo.

Jana nikamweleza mama yako. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo herufi yangu, mwishoni inafutwa?" Nikamwambia, hapana mama, inabaki mpaka mstari wa mwisho. Akalia sana, halafu akanimiminia chai.

Kwaheri, Yusufu. Mungu akulaze pema. Kusamehe sijaweza, usinidai. Ila jioni nafundisha vijana hesabu mtaani Kimisagara, na tukifika kwenye joto nitaandika z ubaoni, ninyamaze, nisubiri mmoja wao aulize ni ya nani.

Dada yako Mrundi,
Konsolata